Reli yangu ndogo ya TAZARA imekuwa keki ya harusi. Naombeni msaada wa mandhari (uzi mrefu)

#1 Behewa_la_Tatu (Dar)

Wakuu, habari za jioni. Kwa wanaokumbuka uzi wangu wa mwaka jana wa kuunganisha reli na umeme, kazi ile iliisha. Treni inazunguka na haidondoki. Meza ina urefu wa mita 3.6 na upana wa sentimita 90, imebanwa ukutani kwenye chumba cha wageni (wageni siku hizi wanalala sebuleni). Skeli ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi. Reli ni za kampuni ya Bemo zenye upana wa milimita 12, zile zinazotengenezewa treni za milimani za Uswisi. Nilizichagua kwa hesabu: reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, ukigawa kwa 87 unapata 12.26. Hiyo robo milimita hakuna jicho la kuiona.

Shida yangu ni mandhari. Nilinunua mtandaoni mkeka wa nyasi, mfuko wa majani ya unga na miti 25 ya plastiki. Nimebandika vyote, nikarudi nyuma nikaangalia. Hii si Mlimba, hii ni keki ya harusi iliyopitiwa na treni. Shemeji yangu kaingia kauliza kama ni uwanja wa gofu.

Ninachotaka ni kipande cha kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako: mlima, handaki moja na daraja la mto Mpanga. Sasa sijui nianze kubomoa wapi. Picha nimeweka, msinicheke.

#2 Kijana_wa_Kamsamba

Nimecheka mkuu, samahani. Hiyo miti ni ya Krismasi.

#3 Mwanasesere99

Mtu mzima na familia yake anacheza na treni. Bongo tuna safari ndefu.

#4 Dada_Kokoto (Morogoro)

#3, pita tu kaka, kuna nyuzi za mpira huko ukachangamke.

Behewa, ng'oa mkeka wote. Usimwonee huruma pesa. Ile mikeka imetiwa rangi ya malisho ya Ulaya mwezi wa tano, kijani chenye buluu ndani yake. Huku kwetu kijani kina njano ndani, na chini yake kuna udongo unaoonekana. Udongo ndio ulioukosa. Umeanza na nyasi kana kwamba nyasi zimeota hewani.

Utaratibu wangu, nimefanya meza nne sasa:

Kwanza umbo. Chukua lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya maboksi ya TV na friji, waombe mafundi wa friji, wanalitupa. Panga vipande vya juu na chini, kata kwa kisu chenye makali mapya. Usikate kwa msumeno, utaokota punje nyeupe hadi Pasaka. Juu yake funika kwa bandeji ya plasta, ile ya kufungia watu waliovunjika mifupa, duka la dawa wanayo. Unailowesha, unaitandika, unalainisha kwa kidole. Ikikauka ni gamba gumu unaloweza kugonga.

Pili rangi ya chini. Paka gamba lote rangi ya udongo kabla hujaweka chochote. Mimi nachanganya rangi ya ukutani ya maji na ile poda nyekundu ya kutia kwenye saruji ya sakafu, na kahawia kidogo. Ikipita nyufa baadaye, ufa unaonekana udongo, hauonekani plasta nyeupe.

Tatu udongo wenyewe. Udongo halisi, umechekechwa kwenye chujio la chai, halafu ule uliopita unauchekecha tena kwenye soksi ya kike ya nailoni. Unamwaga juu ya gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa maji. Nyasi zinakuja mwisho, na zinakuja kwa mabaka.

Ukiwa tayari kwa hilo ndipo tuongelee daraja.

#5 Behewa_la_Tatu

Dada asante sana. Mkeka nimeung'oa usiku huu huu, ulitoka na rangi ya mbao. Miti nimempa mtoto wa jirani.

Udongo naagiza kwa binamu yangu Makambako, anakuja na basi Ijumaa.

#6 Garratt_Nairobi

Naweka kiti hapa mbele. Mimi niko upande wa Kenya, najenga uwanda wa Athi na SGR. Hesabu yetu ni tamu zaidi: milimita 1,435 ukigawa kwa 87 ni karibu 16.5 kamili, yaani reli ya kawaida ya dukani. Ndoto yangu hasa ni Garratt la aina ya 59 (class 59), lile jitu la injini ya mvuke lililotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock kati ya 1955 na 1956. Kila Jumapili nikipata nafasi naenda makumbusho ya reli Nairobi kumpima Mount Gelai, mmoja wa hao Garratt, kwa futi kamba. Askari wa mlangoni ananijua kwa jina.

Behewa, uliza hivi: ni mwezi gani kwenye meza yako? Nimeona meza nyingi zina mahindi mabichi hapa, nyasi zilizokauka pale na mto umefurika katikati. Chagua mwezi mmoja uandike kwenye karatasi, bandika ukutani. Mimi yangu ni Agosti. Athi mwezi wa nane ni rangi ya simba, kijani ni mstari mwembamba tu penye mkondo.

#7 Behewa_la_Tatu

Aisee hilo sikulifikiria. Wacha iwe mwisho wa Mei. Mvua imekatika, mto bado umejaa, nyasi zimeanza kupauka vichwani. Nimeandika, nimebandika.

#8 Mzee_wa_Toroli

Vijana, nawasoma kwa furaha. Nilitembea njia hiyo kwa miguu na kwa toroli miaka mingi nikiwa gengi la matengenezo, sasa nimestaafu. Sijui mambo ya skeli, lakini picha yako Behewa nimeiangalia kwenye simu ya mjukuu na nina machache.

Reli inang'aa juu tu, pale gurudumu linapopita. Ubavu wake ni kutu, rangi ya kahawa iliyokolea. Wewe reli yako yote inang'aa kama kijiko.

Mataruma ya TAZARA, yale yanayolaliwa na reli, ni ya zege. Hayabaki meupe. Kwenye mteremko, pale treni inaposhuka ikifunga breki, unga wa breki unapaka kila kitu rangi ya kahawia, kokoto na mataruma pamoja. Stesheni, pale injini inaposimama, katikati ya reli pana weusi wa mafuta. Huku tambarare kokoto ni ya kijivu. Kwa hiyo njia moja haina rangi moja.

Miti haioti karibu na reli. Tulikuwa tunafyeka. Kuna ukanda wa nyasi na vichaka vifupi kila upande, msitu unaanza baada ya hapo. Wewe umepanda mti ambao tawi lake lingempiga dereva usoni.

Na mahali pa mwisho, panaponiudhi kwenye picha za watu wote: hamna njia ya miguu. Popote reli inapopita Tanzania kuna njia ya watu pembeni yake, imekanyagwa hadi imeng'aa. Watoto wa shule, kina mama na kuni, baiskeli. Reli isiyo na njia ya miguu ni ya nchi nyingine.

#9 Behewa_la_Tatu

Shikamoo mzee. Nimesoma hii mara tatu. Njia ya miguu nitaiweka kabla ya nyasi.

#10 Dada_Kokoto

Shikamoo mzee wangu. Uzi umepata mwenyewe.

Behewa, njia ya miguu ni rahisi na inabadilisha kila kitu. Chora mstari kwa penseli, usinyooke, watu hukwepa mawe na madimbwi. Mwaga udongo ule laini kabisa uliopita kwenye soksi, ongeza unga kidogo wa chaki ili uwe mweupe kuliko udongo wa pembeni, halafu bonyeza kwa kidole. Upana milimita 5 unatosha, hiyo ni kama sentimita 43 halisi. Mtu wa urefu wa mita 1.7 kwenye skeli yetu ni chini kidogo ya sentimita 2, mpitishe hapo kwa macho uone.

Kokoto: kokoto ya kweli ya reli ina ukubwa wa sentimita 4 hadi 6. Gawa kwa 87, ni nusu milimita au zaidi kidogo. Watu wanaweka mchanga wa ujenzi kama ulivyo, kwenye skeli yanakuwa mawe ya msingi wa nyumba. Chekecha. Panga kwa brashi kavu ya rangi hadi zikae sawa, juu ya taruma zisibaki. Kisha pulizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, lile tone ndilo linalofanya maji yazame badala ya kusimama kama shanga. Ndipo udondoshe gundi iliyopunguzwa nusu kwa nusu kwa bomba la sindano. Usiguse hadi kesho. Nimesema usiguse.

#11 Behewa_la_Tatu

Niligusa.

#12 Dada_Kokoto

😂😂 Wote tuligusa.

#13 Mswahili_Hamburg

Wakuu salamu kutoka baridini. Huku nilipo kuna Miniatur Wunderland, maonyesho makubwa ya reli ndogo kama zetu, pale mtaa wa Speicherstadt, ilifunguliwa 2001, na yote ni skeli hiyo hiyo ya 1:87. Nimeingia mara nyingi kuliko ninavyomwambia mke wangu. Nawapa mawili niliyoyaona.

Upande wa Skandinavia wametumia maji ya kweli, maelfu ya lita, na meli zinaelea. Yanapendeza, lakini ukikaa dakika kumi unagundua maji hayakubali kuwa madogo. Wimbi la milimita mbili linaenda kama wimbi la beseni. Kwa mto wetu wa meza, maji bandia yanadanganya vizuri kuliko maji halisi.

La pili ni taa. Wao wanageuza mchana na usiku kila robo saa. Sisi hatuhitaji hayo, lakini taa yako Behewa iko nyuma ya treni, karibu na ukuta. Ubavu wa behewa unaotuangalia sisi ni kivuli kitupu. Lete taa mbele, juu ya kichwa cha mtazamaji. Na usitumie zile nyeupe za kibuluu za hospitali.

Kwa nyasi: mashine za kusimamisha nyasi zinauzwa, kampuni kama Noch wanazo, bei inauma. Mimi nilitengeneza kwa raketi ya kuulia mbu. Unaondoa wavu, waya mmoja unaufunga kwenye chujio la chai la chuma, wa pili unauchomeka na msumari kwenye gundi mbichi. Unaweka nyuzi za nailoni ndani ya chujio, unabonyeza kitufe, unatikisa. Nyuzi zinavutwa na umeme na kuanguka zimesimama wima kama nywele za paka aliyeona mbwa. ONYO: ndani ya raketi kuna kapasita, hubaki na chaji hata ukiachia kitufe. Kabla ya kugusa chujio, gusanisha waya mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Na mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa.

#14 Kijana_wa_Kamsamba

Raketi ya mbu 🤣 nimeikimbilia dukani sasa hivi.

#15 Fundi_Usumba (Unguja)

Sheikh Hamburg amesema kweli, ila nyuzi za dukani mwisho wake ni milimita 12. Kwenye skeli hiyo ni mita moja tu. Bonde la Kilombero lina nyasi na matete yanayompita mtu kichwa, yaani unahitaji milimita 23 na kuendelea.

Hapa pwani jibu liko jalalani. Chukua usumba wa nazi, au mkeka wa mlangoni wa makumbi uliochakaa. Chambua, fungia vishada vidogo, kata chini sawa, chovya kwenye gundi, pandikiza. Rangi yake ya asili ndiyo nyasi kavu yenyewe, huna haja ya kupaka. Ukitaka ya kijani chovya nusu ya chini tu kwenye rangi iliyopunguzwa, juu iache ipauke. Katani pia inafaa lakini ni nyeupe mno, inameta kama nywele za mwanasesere, lazima uipige rangi isiyong'aa.

Miti ya karibu tengeneza kwa waya za shaba za nyaya za umeme. Menya, sokota nyuzi 20 hivi, chini ziachie ziwe mizizi, juu zigawe matawi mawili mawili. Paka gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, hilo ndilo gome. Majani ni sponji ya godoro iliyosagwa kwenye blenda na rangi. Blenda iwe yako. Nasema tena, iwe yako. Mimi nilikula mkate mkavu siku nne.

#16 Behewa_la_Tatu

Wakuu ripoti ya wiki mbili. Udongo wa Makambako ulifika, kilo nane kwenye mfuko wa saruji, mwekundu hadi raha. Nimetandaza. Kwa mara ya kwanza meza ilifanana na mahali. Nilikaa kwenye kiti nikaiangalia tu bila treni.

Halafu mawili yametokea.

Moja: sisimizi. Asubuhi ya tatu nimekuta mstari wao unatoka handakini, unapita stesheni, unaingia ukutani. Wamefuata njia ya miguu niliyotengeneza, nakuapieni.

Mbili: injini imekufa. Ilianza kukwama, ikanguruma, ikasimama. Nilipoifungua, mota imevaa ndevu. Punje ndogo nyeusi zimejipanga kwenye sumaku.

#17 Garratt_Nairobi

Pole sana ndugu. Hizo ndevu ni punje za chuma zilizomo kwenye udongo. Udongo mwingi wetu unazo, mchanga wa mtoni ndio usiseme. Sumaku ya mota inazinyonya treni ikipita. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, pitisha ndani ya udongo kabla ya kutumia. Toa, geuza mfuko, punje zinadondoka, rudia hadi isitoke kitu. Mimi kwa kilo moja ya mchanga wa Athi nilipata kijiko cha chai.

Kwa uliokwisha kumwagwa, pitisha sumaku juu juu, halafu vuta kwa mashine ya vumbi iliyofungwa soksi mdomoni.

#18 Dada_Kokoto

Na sisimizi ni kosa langu, nilisahau kusema: udongo unachomwa kwanza. Kwenye oveni, au kikaango kikavu juu ya jiko la mkaa hadi uache kutoa mvuke. Unaua mayai ya wadudu, mbegu na ukungu. Kwa hali ya hewa ya Dar ukungu ni adui kuliko sisimizi. Kuna mtu hapa jukwaani (hatumtaji) alitengeneza shamba la mpunga kwa nafaka halisi. Panya walivuna.

#19 Kijana_wa_Kamsamba

Nilikuwa mimi. Walivuna na nyumba ya stesheni wakala, ilikuwa ya boksi la biskuti.

#20 Tabora_Junction

Majani ya chai yaliyotumika je? Nimesikia yanafaa kwa sakafu ya msitu.

#21 Dada_Kokoto

Yanafaa sana, hasa chini ya miti ya miombo. Yakaushe juani siku mbili kamili, na yasiwe yamechemshwa na maziwa wala sukari. Chai ya rangi tu.

#22 Behewa_la_Tatu

Udongo umechomwa, umesumakuliwa (neno jipya), umerudishwa. Injini inatembea. Sasa daraja. Hapa ndipo ninapoogopa.

Nguzo za daraja la Mpanga zina urefu wa mita 50. Kwa 87 ni sentimita 57 na nusu. Meza yangu iko usawa wa kifua, mlima nimeujenga sentimita 30. Nikiweka nguzo nzima treni itapita darini. Handaki la Irangi namba 3 nalo lina kama nusu kilomita, hiyo ni mita 5.75, ndefu kuliko chumba. Nifanyeje?

#23 Mswahili_Hamburg

Hakuna anayejenga kilomita kamili. Kilomita moja ni mita 11 na nusu, tungehitaji maghala. Handaki: jenga midomo miwili tu, katikati treni ipotee sekunde kadhaa. Ikichelewa kidogo kutokea ndivyo mtu anavyoamini ni refu. Punguza mwendo humo ndani.

Daraja: usipandishe reli, shusha mto. Kata meza.

#24 Behewa_la_Tatu

Kukata meza??

#25 Garratt_Nairobi

Kata. Mimi nilikata ya kwangu kwa ajili ya karai la maji ya tembo tu, sembuse Mpanga. Ondoa ubao wa juu kwenye sentimita 70 za kati, weka ubao mwingine chini kwenye miguu ya meza. Papo hapo unapata sentimita 40 za bonde.

Ukipunguza urefu wa nguzo, punguza na unene wake kwa uwiano ule ule. Kinachomwambia mtu kwamba daraja ni refu ni wembamba wa nguzo. Nguzo ya sentimita 40 yenye unene wa ile ya 57 itaonekana kisiki. Na chini weka kitu kidogo: mvuvi mmoja, au miti iwe midogo kuliko ya juu. Jicho litafanya kazi iliyobaki.

#26 Mzee_wa_Toroli

Na ukitengeneza mdomo wa handaki, weusi wa moshi wa dizeli unakuwa juu katikati ya tao, si pembeni. Maji ya mvua yanaacha michirizi kwenye zege kuanzia juu kushuka. Michirizi ni meupe na meusi, nyembamba.

#27 Fundi_Usumba

Mto msiuache hewani. Kabla ya maji paka kitanda cha mto: katikati kahawia nzito inayoelekea nyeusi, kando rangi ya udongo. Kina ni rangi, si ujazo. Baada ya hapo vanishi isiyo na rangi, tabaka moja kila siku, kumi zinatosha.

#28 Mswahili_Hamburg

Vanishi inageuka njano, sheikh. Tumia resini ya epoksi, ile ya maji inayoganda kama kioo.

#29 Fundi_Usumba

Mto wa Mei uliojaa tope ukigeuka njano nani atajua? Resini bei yake ni mfuko wa mchele, na ikimwagwa nene inachemka yenyewe na kupasuka.

#30 Mswahili_Hamburg

Ndiyo maana humwagi nene. Milimita 3 kwa mara moja, subiri igande, tena.

#31 Dada_Kokoto

Mnaweza kubishana hadi mto ukauke. Mimi kwa mto wa tope naungana na Unguja, kwa bwawa tulivu naungana na Hamburg. Povu jeupe kwenye mawe ya mto ni silikoni ya madirishani, iliyopakwa kidogo kwa kijiti, ikikauka unaipitia kwa brashi kavu yenye rangi nyeupe kiduchu.

#32 Behewa_la_Tatu

Nilichagua resini, nikaziba kingo mbili nikasahau ya tatu. Usiku wa manane mto Mpanga ulihama. Sasa upo kwenye sakafu, umeganda, una viatu viwili vya mwanangu ndani yake. Vinaonekana vizuri sana, resini ni angavu kweli.

Nimerudi kwenye vanishi. Tabaka la sita leo. Sheikh wa Unguja usicheke.

#33 Fundi_Usumba

Sijacheka. Nimeweka simu chini nikatoka nje, nikarudi.

#34 Tabora_Junction

Mkuu, nyuma ukutani umefanyaje? Picha ya mwisho inaonesha milima inaendelea hadi mbali.

#35 Behewa_la_Tatu

Hadibodi nyembamba, nimeikunja kwenye kona ili mbingu isiwe na pembe. Milima ya Udzungwa nimeipaka tabaka tatu. Ya karibu kijani cha udongo, ya kati nimeongeza buluu na nyeupe, ya mbali ni buluu ya moshi tupu bila mti hata mmoja. Mara ya kwanza nilichora miti kwenye mlima wa mbali, ukasogea karibu kama umepigiwa filimbi. Nikaufuta. Mbingu chini karibu na milima ni nyeupe zaidi, juu ndiyo buluu.

Pale ubao unapokutana na meza nimeficha kwa vichaka vya sponji, na miti ya nyuma ni midogo, ya skeli ya 1:160.

#36 Behewa_la_Tatu

Picha mpya ziko kwenye albamu, nane. Daraja limesimama, nguzo sentimita 40, plasta juu ya bomba za plastiki, michirizi ya mzee ipo. Mataruma yamepakwa. Ubavu wa reli kutu, nimetumia brashi ya kucha za mke wangu (hajui). Migomba mitatu nyuma ya nyumba ya stesheni, ni karatasi za daftari zilizopakwa na kuchanwa kidogo kidogo, maana jani la mgomba lisilochanika ni la mgomba wa hotelini.

Shemeji aliyesema gofu amekuja jana. Akasimama, akainama, akanyamaza muda. Akasema, "Huyu mama aliyebeba kuni anakwenda wapi?" Nikamwambia anarudi nyumbani, nyumba iko nje ya meza.

#37 Mwanasesere99

Mkuu hii ni kali. Hiyo raketi ya mbu, waya upi unaenda kwenye chujio?

#38 Dada_Kokoto

Karibu kaka. Soma #13, na onyo usiliruke.

#39 Mzee_wa_Toroli

Nimeziona zote, mjukuu amenikuzia. Nguzo nzuri. Njia ya watu nzuri, na umejua kuivusha reli pale penye kona, ndivyo wanavyofanya ingawa tuliwakataza.

Ila pale ulipoukata mlima, juu ya handaki la kushoto, sioni mfereji. Juu ya kila mkato lazima uwe na mfereji unaokinga maji ya mlimani yasishuke kwenye reli. Bila huo, mvua ya kwanza ya Desemba mlima wako wote utakuwa juu ya mataruma na gengi litaamshwa usiku.

#40 Behewa_la_Tatu

Mzee, nimeuchimba sasa hivi kwa bisibisi ya miwani. Upana milimita 7, umepinda unafuata mlima, unamwaga korongoni upande wa kulia. Nasubiri plasta ikauke niutie majani makavu ndani. Picha nitaweka umeme ukirudi.